Majivu ya Fizi

Nilifika kwenye matanga ya Prof Wilondja, mwalimu wangu wa kemia, nikiwa na nia ya kulia, na kitu cha kwanza kilichonipata ni wivu. Pikipiki ilinishusha mbele ya nyumba yake hapa Baraka, kando ya ziwa, nyumba aliyohamia alipostaafu, nikaona turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vya kuazima, wanaume wamekaa wakinong'ona, na kule nyuma, kwenye banda la kupikia, sufuria kubwa za matanga zimepangwa juu ya majiko yasiyotoa moshi. Chini ya kila sufuria uliwaka moto wa buluu. Hapakuwa na kuni wala makala, yaani makaa, na akina mama waliokuwa wanapangusa macho walikuwa wanalia kweli. Katikati yao alisimama Mwajuma, kitambaa cheupe kichwani, akiwaonyesha jinsi ya kufungua na kufunga bomba la gesi. Aliponiona aliacha kila kitu, akanikumbatia kwa nguvu, akaniita yaya, kama tunavyomwita kwetu dada mkubwa, ingawa tulikaa dawati moja. Nikamkumbatia na mimi. Juu ya bega lake nilikuwa naangalia ule moto.

Kwa asiyemjua, Mwajuma ndiye huyu ambaye kuanzia Nundu mpaka hapa watu wanamwita Mama Gesi. Amejenga matangi nyuma ya vinu vya mawese, matangi yanayokula uchafu wa mawese na kutoa moto wa kupikia, na wenye vinu wanamngoja kama wanavyongoja mvua. Mimi nafundisha kemia Fizi, kule mlimani, katika chumba kilekile alichofundishia Prof. Watu wanaotufahamu wote wawili husema Prof alikuwa na bahati, wanafunzi wake wawili wa kike wote wamefika mahali. Huwa naitika kwa kichwa. Lakini ukiniuliza mimi, nitakuambia kwamba mmoja alifika na mwingine alibaki palepale alipokuwa, na kama unataka kujua ilikuwaje, inabidi turudi kwenye mwaka wetu wa mwisho wa shule.

Chumba cha maabara cha Fizi kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, meza ndefu ya mbao iliyoungua hapa na pale, na rafu ya chupa ambazo nyingi zilikuwa chupa za dawa za hospitali zilizooshwa. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia kupitia lile dirisha na tulikuwa tunakaa tumevaa masweta. Prof alivaa koti jeupe la maabara, la pekee shuleni, limefuliwa hadi limekuwa jepesi kama kanga kuukuu, na alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukitaja jina. Nusu ya wavulana wa darasa letu walikuwa wameteremkia Misisi kuchimba dhahabu, na waliobaki walikuwa wanahesabu siku za kuwafuata. Kwa hiyo Prof alifundisha kama mtu anayetaka kuwazuia watu mlangoni. Hakutupa fomula kwanza. Alitupa habari za viwanda vya zamani, nani alikuwa anataka nini, nani alikasirika, na nani alipata mali.

Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya soda, ile inayotengenezea sabuni na vioo. Zamani, alisema, Wazungu waliipata kwa kuchoma mimea ya baharini, wakachukua majivu yake, na mimea ikawa haitoshi. Mfalme wa Ufaransa akaahidi zawadi kwa atakayeitoa soda kwenye chumvi. Mtu mmoja akapata njia, akajenga kiwanda, kisha yakaja mapinduzi, kiwanda kikachukuliwa, zawadi hakuiona, na akafa maskini. Wengine ndio waliotajirika kwa njia yake. Halafu Prof alikuwa anaendelea: viwanda vyenyewe vilikuwa vibaya, moshi wake ulikuwa tindikali tupu, uliua miti na mashamba ya majirani, mpaka majirani wakaenda mahakamani na sheria ikawalazimisha wenye viwanda kuunasa ule moshi. Waliponung'unika na kuunasa, wakagundua kwamba kilichokuwa kinaua miti kinaweza kutengeneza dawa ya kung'arisha nguo, na hiyo ikawalisha. Baadaye Mbelgiji mmoja alikuja na njia ya soda iliyo rahisi zaidi, na bado vile viwanda vya zamani viliendelea kusimama kwa miaka mingi, vikiishi kwa moshi wao. Mwajuma alikuwa anaandika sehemu ya moshi. Mimi nilikuwa nawaza sehemu ya yule mtu aliyekufa maskini, na sijui kwa nini, maana wakati huo sikuwa nimenyang'anywa chochote.

Siku moja Prof aliuliza moshi wetu sisi ni upi. Tukataja magari, tukataja taka za soko. Akasema hapana, twende tukanuse. Tulishuka darasa zima hadi Baraka juu ya lori la ndakala, dagaa wa ziwani, mpaka kwenye kinu cha mawese cha mjomba wake Mwajuma. Kila mtu wa huku anajua harufu ya kinu: ngazi, matunda ya mchikichi, zinachemshwa, zinapondwa, mafuta mekundu yanaenguliwa juu, na kinachobaki chini ni maji mazito ya kahawia ambayo wanaume waliyamwaga kwenye kijito. Kijito kilikuwa kimekufa. Watoto hawakuogelea pale, na mifugo iligeuza shingo. Prof akachuchumaa, akanusa, akasema hapa kuna moto umelala. Alijua kwamba uchafu kama ule, ukifungiwa pasipo hewa pamoja na mavi ya ng'ombe ya kuanzishia, huoza na kutoa gesi inayowaka. Juu ya milima yetu miti ilikuwa inakatwa kwa ajili ya makala na chini ya mlima moto ulikuwa unamwagwa mtoni. Hilo lilimkera kuliko kitu chochote, na siku ile lilianza kunikera na mimi.

Tukafanya mapipa mawili. Kila moja lilikuwa pipa kubwa la chuma lililojazwa uchafu na mavi, na ndani yake pipa dogo limegeuzwa mdomo chini, ili gesi inapotoka ilinyanyue lile dogo. Lilipopanda, ulijua una gesi. Swali likawa yakae wapi, na hapo ndipo tulipofanya kosa letu, kosa la watu wa Fizi. Prof alitaka yote mawili yawe Baraka, karibu na kinu. Kamati ya wazazi ikakataa. Fizi ndiko kwenye ofisi za serikali, walisema, ndiko makao ya teritwari, na jambo jipya halianzi ziwani wakati wakubwa wako mlimani. Mzee mmoja wa kamati alisema kwamba hata msiba ukitokea ziwani, habari hupandishwa Fizi kwanza. Prof akakubali yagawanywe: pipa moja nyuma ya maabara, moja kwa mjomba. La Fizi nikapewa mimi. Mwajuma akapewa la Baraka, alikokuwa anarudi kila mwisho wa wiki na likizo zote, na siku nyingine wafanyakazi wa mjomba wakalilisha kwa niaba yake. Nilitembea siku ile kama niliyevishwa taji. Wazazi wangu walipita kwa jirani na jirani kusema kwamba pipa lenye heshima amepewa Riziki wao.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinashindaniwa, maana hakikuwa kidogo. Prof alikuwa amepata, kupitia watu waliomwamini huko Bukavu, nafasi moja ya mwanafunzi kusomeshwa kemia. Moja tu. Alituambia wazi, sote wawili, mezani kwake: mwisho wa kiangazi utapikwa bugali juu ya kila pipa, na pipa litakaloivisha sufuria moja mpaka mwisho, mwenye pipa hilo ataenda. Mama Asende, mke wake, alikuwa anapakua sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakati Prof anasema hayo, na nakumbuka mkono wake ulisimama hewani na upawa. Tulikuwa tunakula kwake mara nyingi mwaka ule. Nyumba yao ya Fizi ilikuwa na sebule nyembamba na ukuta wa mbao uliotenganisha sebule na jiko, na kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Sombe yake aliitia mawese mpaka ikang'aa. Mwajuma alikuwa anakula haraka, anacheka na kila mtu, anamtania Prof kuhusu koti lake. Mimi nilikula polepole nikiangalia kipande kipi cha samaki kinawekwa kwenye sahani yake na kipi kwenye yangu. Vilikuwa sawa. Niliangalia kila mara.

Pipa langu lilianza vibaya. Uchafu ulitoka Baraka kwa bidoni, madumu ya plastiki, juu ya lori, kwa ile barabara unayoijua kama umewahi kuipanda, na lori likikwama bidoni zililala njiani. Ulipofika kwangu ulikuwa tayari umechacha, ukifungua kifuniko harufu ya siki inakupiga usoni. Pipa dogo halikunyanyuka. Mwisho wa wiki Mwajuma alikuwa anateremka na kurudi Jumatatu akisema lake limepanda kiganja kimoja, limepanda mikono miwili, mjomba amewasha na moto umemchoma nyusi. Alisimulia huku anacheka, akitaka na mimi nicheke. Nilicheka. Nilipokuwa peke yangu nililipiga teke lile pipa hadi kidole kikavimba. Nilikuwa namwonea wivu kwa joto la ziwa, kwa mjomba mwenye kinu, kwa uchafu wake mbichi uliotoka kinuni ukiwa bado vuguvugu, hata kwa zile nyusi zilizoungua.

Basi nikaacha kulala kwa raha, nikafikiri. Prof alikuwa na karatasi chache za kupimia ukali, alizozikata nyembamba kama nyuzi ili zidumu. Nilimwomba moja, nikaichovya, ikawa nyekundu. Tindikali. Nikajiambia, hawa wadudu wasioonekana wanaotengeneza gesi wanakufa kwa siki, na siki inatulizwa na kitu cha upande wa pili. Soda hatukuwa nayo. Lakini mama zetu, wakitaka kulainisha mboga ngumu, huchoma maganda ya ndizi, huyachuja majivu yake kwa maji, na maji yale huteleza kidoleni kama sabuni. Nikakumbuka habari ya soda, kwamba hata Wazungu walianza na majivu. Nilichoma maganda ya soko zima la Fizi. Watoto walinifuata wakiniita mwendawazimu wa ndizi. Nikatia majivu kidogo, nikangoja, nikatia tena, nikapunguza uchafu ninaolisha, nikangoja siku hadi siku, karatasi ikaacha kuwa nyekundu. Asubuhi moja niliingia uani nikakuta pipa dogo limenyanyuka upana wa vidole vinne. Nikawasha. Ulikuwa moto mdogo, dhaifu, ungeweza kuuzima kwa kuuongelesha, lakini ulikuwa wa buluu na ulikuwa wangu.

Nilikwenda mbio kumwita Prof. Alinusa, akachovya karatasi, akanishika mkono wangu mweusi kwa majivu akautikisa kama wanaume wanavyotikisana. Darasa likapiga makofi. Na wiki ileile, kabla sijamaliza kufurahi, niliona gunia la majivu yangu juu ya lori linaloteremka Baraka. Mjomba alikuwa ameongeza pipa jingine na jingine, wakayalisha kwa pupa, na lile kubwa kuliko yote, waliloliita tangi, lilikuwa limechacha. Prof hakuniuliza. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, dawa imepatikana na mgonjwa yuko Baraka, sasa ungengoja nini. Mwajuma alirudi Jumatatu na furushi la mukeke waliokaangwa, akaniwekea magotini.

"Yaya, ile majivu yako imetuponyesha," alisema. "Tanki yote ilikuwa imekufa."

Nilimwambia vizuri. Nilikula wale samaki wote, hadi vichwa, na kila tonge lilikuwa na hasira.

Kiangazi kilikuja. Usiseme kiangazi ni joto, huko mlimani kwetu ni baridi. Asubuhi unatoa mvuke mdomoni. Gesi yangu ilipungua jinsi usiku ulivyozidi kuwa mkali. Nilifunga pipa kwa majani makavu ya migomba, nikalifunika mablanketi ya nyumbani, mama yangu akapiga kelele, nikayarudisha, nikayaiba tena. Siku ya bugali wakubwa wa ofisi walikuja na viti vyao, kamati ya wazazi ikaja, akina mama wakaja na watoto mgongoni. Niliwasha. Moto ulishika. Maji yalikaa muda mrefu, yakaanza kutoa vipovu, watu wakasema ahaa. Mama Asende akatia unga wa muhogo, akaanza kusonga, na mwiko ulipoanza kuwa mzito, moto ukashuka, ukawa wa manjano, ukazimika. Pipa dogo lilikuwa limekaa chini kabisa. Kilichokuwa ndani ya sufuria kilikuwa bugali mbichi, mweupe juu, wa kunata chini.

Prof akanawa mikono. Akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalila. Akala na la pili. Alikula kama anayekula chakula cha kawaida, na wakubwa wa ofisi, walipomwona, nao wakala kidogo kwa adabu. Sijawahi kuona upole uliouma kama ule. Ningependa zaidi angeitupa sufuria.

Siku chache baadaye tukashuka Baraka, na mimi nilichukuliwa, ili nione. Kwa mjomba wa Mwajuma hapakuwa na viti vya wakubwa. Palikuwa na jua, nzi, wanaume waliolowa mafuta hadi viwiko, na pipa lililokuwa limenyanyuka mpaka likainama upande. Alipika mama yake. Bugali uliiva, ukasongwa, ukageuzwa kwenye sahani ukasimama, na moto ukaendelea kuwaka, wakaweka na chai. Nilipewa nafasi karibu na Prof na nyama nzuri ya tumbo la mukeke. Huo ulikuwa bugali mtamu kuliko wote niliowahi kula ziwani, na niliumaliza, maana ukiacha bugali kwa watu wataona. Mwajuma alikuwa anazunguka na maji ya kunawa, uso umejaa mafuta na furaha, na alipofika kwangu alininawisha kwanza kabla ya mjomba wake.

Nilikuwa bado na tumaini moja. Majivu. Bila majivu yangu matangi yake yangekufa, na Prof alikuwa mtu wa haki. Kesho yake, mchana, tukiwa tumerudi Fizi, nilipeleka sahani za Mama Asende nilizokuwa nimeazima, nikazipitisha mlango wa jiko. Walikuwa sebuleni, nyuma ya ule ukuta wa mbao. Nikasikia jina langu. Mama Asende alikuwa ananitetea. Alikuwa anauliza kwa nini nisiende mimi, kwani ile majivu iliwazwa na nani.

"Riziki iko na kichwa, mi najua," Prof akasema. "Lakini Mwajuma iko na fasi."

Mama Asende akauliza fasi gani.

"Kinu iko kule, joto iko kule, batu ba kazi beko kule. Akirudi toka Bukavu, kazi inamungojea. Riziki akirudi, atarudi ku baridi."

Niliweka sahani chini taratibu, moja juu ya nyingine, zisigongane. Nilirudi nyumbani kwa njia ya kanisani ili nisikutane na mtu. Fasi, kwetu, ni mahali. Ningeshindwa kwa sababu ya uvivu, ningejilaumu. Ningeshindwa kwa sababu ya upumbavu, ningezoea. Lakini nilishindwa kwa sababu ya mahali, na mahali penyewe ni palepale watu wangu walipopagombania kama heshima. Mwajuma aliondoka kwenda Bukavu juu ya lori, godoro limefungwa kwa kamba, na begani ametundika lile koti jeupe. Prof alikuwa amelivua mgongoni mwake akampa. Hilo koti ndilo lililonimaliza. Nafasi ningeisamehe, lakini koti nililiota kwa miaka.

Nimefundisha habari ya soda miaka mingi sasa, katika chumba kile, na ukungu bado unaingia. Nawaambia wanafunzi kwamba vile viwanda vya zamani havikujengwa mahali pa heshima, vilijengwa pale chumvi, makaa na maji vilipoweza kukutana bila gharama, na mwenye kutaka kuleta nishati mpya Fizi aanze kwa kuuliza uchafu uko wapi na joto liko wapi, ndipo aulize ofisi iko wapi. Nawaambia kwamba kinachowaka ndani ya chupa si lazima kiwake ndani ya pipa, na kwamba tangi hulishwa polepole. Yote ni kweli, na kila nikiyasema najua nasema kwa nini Mwajuma alistahili. Mdomo wangu unakubali. Nikisikia amejenga tangi jipya huko Nundu, bado nahesabu ni la ngapi, na nikijifananisha na yule Mfaransa wa soda, tofauti ninayoiona ni kwamba yeye angalau alikufa mapema, mimi nilibaki kusahihisha mitihani.

Basi turudi kwenye matanga. Tulikuwa tumeshamzika Prof, na siku ya pili baada ya maziko watu walikuwa bado wanamiminika. Mchana ule moto ukaanza kulegea. Akina mama wakafungua bomba mpaka mwisho, ukazidi kulegea, ukawa wa manjano. Mwajuma alikuwa mbele, amekaa na wageni waliotoka Uvira. Nilikwenda nyuma ya banda peke yangu, nikafungua mfuniko wa tangi alilomjengea Prof, na kabla sijainama nikajua. Siki. Wali uliobaki, maganda ya maembe, mabaki ya sahani zote za msiba, walikuwa wametupia humo kila kitu. Nilifurahi. Sikuona aibu yoyote. Tangi la Mwajuma, nyumbani kwa Prof, limechacha kama langu lilivyochacha, na mimi ndiye niliyesimama juu yake. Nikawaita akina mama, nikawaambia wasitie tena kitu, wawashe makala kwa leo na kesho, na wanitafutie majivu ya maganda ya ndizi. Mama mmoja kijana, mkwe wa nyumba, akanitazama kwa mshangao, akanyoosha kidole kwenye gunia lililotundikwa ukutani karibu na tangi.

"Iko pale, mama. Fizi njo ile."

Nikamuuliza fizi ni nini. Akanieleza kwa subira, kama unavyomweleza mgeni, kwamba Mama Gesi hakubali tangi lolote likae bila gunia la fizi karibu, kuanzia hapa hadi Nundu, na tangi likichacha unatia fizi. Nikamuuliza kwa nini inaitwa hivyo. Akafikiri. Akasema labda ilitolewa na ofisi, huko Fizi.

Niliketi juu ya kinu cha kutwangia kilichopinduliwa. Ofisi. Ile mikono yangu myeusi, maganda ya soko zima, watoto wakinizomea, na ofisi ndiyo iliyopewa sifa. Nilitaka kucheka na nilitaka kumtafuta Mwajuma nimkunje shingo. Nikasimama nikatia majivu, kidogo, nikafunika.

Siku iliyofuata, walipoalikwa wanafunzi wa zamani kusema neno, aliitwa yeye, bila shaka. Alisimama na lile koti mikononi. Ndiyo, alikuwa nalo bado, limekuwa la rangi ya chai. Alisimulia mwaka ule, pipa la mjomba, nyusi zilizoungua, watu wakacheka ndani ya majonzi. Nilikuwa namsikiliza kama mtu anayesubiri hukumu. Alipofika kwenye tangi lililokufa, alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Bamama, ile munaita fizi, haikutoka ku ofisi," alisema. "Ilitoka ku kichwa ya huyu. Yaya Riziki, simama batu bakuone."

Nikasimama. Watu wote wakageuka, viti vikalia, Mama Asende akaniitikia kwa kichwa toka kwenye mkeka wake. Hilo ndilo nililolitaka tangu niliposikia sauti nyuma ya ule ukuta wa mbao, jina langu, mbele za watu, siku ya Prof. Nikapata. Na nikiwa bado nimesimama nikahisi wivu unapanda kama kawaida, na safari hii ulikuwa na sababu mpya: hata hicho, nilikuwa nimepewa na yeye. Alikuwa nacho cha kutosha kiasi cha kugawa. Akaja akanivisha lile koti mabegani, nikalipokea. Lilinibana kwapani.

Asubuhi ya mwisho niliamka mapema nikaenda kuangalia tangi. Gesi ilikuwa imerudi, na moto wa buluu ulikuwa umekaa sawasawa chini ya sufuria ya uji. Akina mama walikuwa wanaongea habari zao. Yule mama kijana, aliyenisikia nikitajwa jana yake, aliyenipigia makofi, alichungulia ndani ya tangi, akanusa, akamwita mwenzake bila kugeuka, "Leta fizi kidogo."

Mwenzake alikuwa mbali, ana mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa karibu na gunia, basi nikaileta.